Bahari Tuliyoirithi Bila Kuiona: Siku Moja ya Familia Kisite

Sisi watu wa pwani huihesabu bahari kuwa mali ya ukoo. Methali zetu zimejaa vyombo, pepo na mawimbi. Mapishi yetu hayakamiliki bila ya samaki. Na mwaka wetu twaugawa kwa kusi na kaskazi. Hata hivyo, ukiwauliza wengi wetu, hasa kina mama na watoto wa kike, ni lini walipoyaona matumbawe yakiwa hai, jibu huwa ni kimya. Bahari tuijuayo ni ile ya ufuoni. Ile iliyo chini ya maji tumewaachia wavuvi na watalii.

Likizo ya Disemba ikifika, wazazi hujiuliza wawapeleke wapi watoto wao. Kwa ajili yao tulifuatana na familia moja ya Mombasa kwa safari ya siku moja ya chombo hadi Hifadhi ya Bahari ya Kisite-Mpunguti, kusini kabisa mwa pwani ya Kenya. Nia yetu ilikuwa mbili: kumweleza msomaji namna ya kuifanya safari hiyo kwa usalama na kwa sitara, na kuuliza swali linalowasumbua wazee wengi wa upande ule: je, hifadhi hii ni ya nani?

Familia yenyewe ilikuwa ya watu 9: bibi aliyepita umri wa miaka 70, mwanawe wa kiume na mkewe, binti yake ambaye ni shangazi ya watoto, na wajukuu 5. Mkubwa wao alikuwa msichana wa miaka 14 na mdogo mvulana wa miaka 5. Kwa ombi lao hatuwataji majina. Bibi alizaliwa na kulelewa karibu na Shimoni. Marehemu babake alikuwa mvuvi wa madema, na miongoni mwa mahali alipokuwa akitega ni Kisite, kabla haijafungwa. Bibi mwenyewe hakuwahi kufika huko hata siku moja.

Kuelekea Shimoni

Shimoni imo katika Kaunti ya Kwale, takriban kilomita 75 kutoka Mombasa. Atokaye kisiwani huvuka Likoni kwa feri, au hupitia barabara ya Dongo Kundu, kisha hushika njia ya Lunga Lunga. Hupita Ukunda, Msambweni na Ramisi, hadi afikapo penye njia panda ya kushoto iteremkayo baharini. Tuliswali Alfajiri, tukaondoka saa kumi na mbili, na ilipotimia saa mbili tulikuwa gatini.

Mji huu umepewa jina lake na pango la mawe ya matumbawe lililo hatua chache kutoka ufuoni. Wazee husimulia kwamba watumwa walifungiwa humo wakisubiri kupakiwa majahazini. Jamii ya Shimoni ndiyo inayolisimamia pango hilo hivi leo na kuwapokea wageni. Familia yenye watoto wakubwa isikose kuingia wakati wa kurudi, kwani somo lililomo ndani yake ni zito, na watoto wetu wanastahili kulisikia kutoka kwa wazazi wao kabla ya kulisoma vitabuni.

Malipo ya kuingia hifadhini hupokelewa na Shirika la Huduma za Wanyamapori, KWS, kupitia mtandao wa serikali wa eCitizen. Raia hulipa kiwango kilicho chini sana ya kile cha mgeni, ila ni sharti aonyeshe kitambulisho. Ni bora malipo yafanywe nyumbani, mapema, kuliko kuhangaika na simu gatini ilhali chombo kinangoja.

Jambo jingine la kukumbuka ni mfuko wa chakula. Tangu tarehe 5 Juni 2020, plastiki za kutumiwa mara moja na kutupwa zimepigwa marufuku katika hifadhi zote za taifa nchini. Mama wa familia hii alilijua hilo. Maji aliyatia katika birika kubwa la kubebea, mahamri na viazi karai akavipanga katika hotipoti, na tende akazitia bakulini. Hakukuwa na chupa hata moja ya kutupa.

Nahodha na tarehe ya mwezi

Familia ilikodi chombo kizima, nasi tukawa wageni wao. Uamuzi huo uliwagharimu zaidi, lakini faida yake tutaiona mbele. Nahodha alikuwa kijana wa Wasini, na msaidizi wake baharia mmoja. Bibi alimtolea salamu, akamuuliza ukoo wake na mtaa wao, na kabla nanga haijang'olewa walikuwa wamekwisha kupata jamaa wawili wanaowajua wote.

Nahodha ndiye aliyeichagua siku ya safari, na alipoulizwa sababu yake aliitaja tarehe ya mwezi mwandamo: kumi na sita. Katika hilo mna elimu ambayo tunaisahau. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, huwa ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Katika pwani yetu, maji ya siku hizo hupwa mnamo saa nne hadi saa tano za asubuhi. Mwezi ukiwa nusu, huwa ni maji mafu, na tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo. Kwa hiyo Mwislamu aishiye na kalenda yake ya Hijria ukutani ana ratiba ya bahari humo humo. Bamvua huufunua mwamba na fungu la mchanga la Kisite, lakini mkondo wake una nguvu. Ndiyo maana nahodha alikusudia tufike karibu na wakati maji yanaposimama, baada ya kupwa na kabla ya kuanza kujaa.

Kisha akagawa jaketi za kuokolea maisha. Baba wa watoto, aliyelelewa Mombasa na ajuaye kuogelea tangu utotoni, aliipokea yake na kuiweka kando ya kiti.

"Baba, tafadhali ivae," nahodha akamwambia kwa upole. "Watoto wanakutazama wewe, hawanitazami mimi."

Akaivaa. Wahenga walimtaja mwana maji wa Kwale, kwamba kwake yeye kufa maji ni mazoea. Hatuoni methali iwafaayo zaidi watu wa pwani, kwani wengi wa wanaozama si wageni wa bahari bali ni wenyeji waliokwisha kuizoea. Jaketi iliyo chini ya kiti haimwokoi mtu. Mzazi ahakikishe kila mtoto anapata inayomtosha mwili, kwa maana jaketi ya mtu mzima humponyoka mtoto mara tu aingiapo majini. Chombo kisicho na jaketi za watoto, na akiteremke, atafute kingine.

Chombo kilipojitenga na gati, bibi alisoma kwa sauti maneno aliyoyatamka Nabii Nuhu (a.s.) alipopanda safina, yaliyomo katika Sura Hud, aya ya 41. Wajukuu wakayarudia pamoja naye. Watatu kati yao walikuwa wameyahifadhi madrasa, lakini hawakuwa wamepata kuyasoma wakiwa chomboni.

Pomboo

Shimoni na Kisiwa cha Wasini hutenganishwa na mkondo wa bahari ambao ni mtulivu nyakati za kaskazi. Ukikipita kisiwa na kutoka bahari kuu, utaviona visiwa vidogo vya Mpunguti, ya juu na ya chini, na mbele yake Kisite. Safari yote ni takriban saa moja. Hapo ndipo pomboo walipojitokeza, sita au saba, wakivunja maji upande wa kushoto.

Mvulana mdogo alipiga kelele kwamba ameona samaki wakubwa. Dadake akamsahihisha: pomboo si samaki, hupumua hewa kama sisi, huzaa, na humnyonyesha mtoto wake. Ndiyo sababu huja juu kila mara. Nahodha alipunguza mwendo wa mashine na kukiacha chombo kielee. Hakuwafukuza, wala hakumruhusu mtu kurukia majini. Pomboo anayefukuzwa na vyombo vingi kila siku hukosa wasaa wa kulisha na kupumzika, na mwishowe huhama. Waliposogea wenyewe karibu na chombo, watoto walinyamaza bila kuambiwa.

Kati ya Julai na Oktoba, nyangumi nao hupita maji haya wakitoka bahari za baridi za kusini kuja kuzaa. Lakini hiyo ni miezi ya kusi, ambapo mawimbi ni makubwa na maji si maangavu. Familia yenye watoto wadogo ni heri ingoje kaskazi, kuanzia Disemba hadi Machi.

Matumbawe ni nini

Hifadhi hii ina sehemu mbili, na tofauti yake ni muhimu. Kisite ni hifadhi ya taifa yenye ukubwa wa kilomita 28 za mraba, na humo hakuna ruhusa ya kuvua kabisa. Mpunguti ni hifadhi ya akiba yenye kilomita 11 za mraba, na humo uvuvi wa jadi, kama vile wa madema na mishipi, unaruhusiwa. Zilitengwa katika miaka ya 1970, baada ya zile za Malindi na Watamu zilizotangulia mwaka 1968.

Chombo hakikutia nanga. Kilifungwa kwenye boya lililowekwa makusudi, kwa kuwa nanga moja ikiburutwa huvunja katika dakika moja kile kilichojengwa kwa makumi ya miaka. Watu wengi hudhani matumbawe ni mawe, na wengine hudhani ni mimea. Kwa hakika ni wanyama wadogo mno, waishio kwa maelfu pamoja, kila mmoja akijijengea nyumba ya chokaa. Ndani ya miili yao huishi mimea midogo isiyoonekana kwa macho, ambayo huwapa chakula na rangi. Maji yakizidi joto, wanyama hao huitoa mimea hiyo, nao hupauka. Joto lisipopungua, hufa. Hilo ndilo lililotokea mwaka 1998, wakati wa El Niño, ambapo matumbawe mengi ya pwani ya Kenya yalikufa. Tunayoyaona leo ni yale yaliyonusurika na yale yaliyoota upya.

Nyumba zetu za kale za Lamu, Mombasa na Wasini zimejengwa kwa mawe yaliyotokana na viumbe hawa. Mchanga mweupe tunaoukanyaga nao ni wao. Pono, samaki ambaye sisi humtaja tukimcheka mtu mwenye usingizi mzito, huukwangua mwamba kwa mdomo wake mgumu akitafuta mwani, na chokaa aliyoimeza humtoka ikiwa mchanga. Na ile sifa ya usingizi si maneno matupu: usiku baadhi ya pono hujifunika utando wa ute, wakalala humo hadi asubuhi. Waliotunga msemo huo walimjua vyema samaki wao.

Sitara majini

Msichana wa miaka 14 alikuja na buibui lake na nia ya kukaa chomboni. Alikwisha kuzoea kwamba katika safari za bahari wavulana huogelea na wasichana hushika viatu. Ni hali ya kawaida kwetu, na si dini iliyoileta. Dini imeamrisha sitara. Haikuamrisha kwamba nusu ya familia isiione kudura ya Mola wake.

Shangazi yake alikuwa ameliwaza hilo tangu nyumbani. Alinunua mavazi mawili ya kuogelea ya sitara, yenye mikono mirefu, suruali, kanzu fupi ya juu na kifuniko cha kichwa. Tunasisitiza jambo hili kwa ajili ya usalama pia: buibui na dira vikilowa huwa vizito, huifunga miguu, na vimewahi kuwa hatari hata kwa mwanamke ajuaye kuogelea. Mavazi haya yana faida nyingine. Yanaukinga mwili na jua kali la adhuhuri, na hivyo huna haja ya kujipaka mafuta ya jua ambayo mengine yana dawa zidhuruzo matumbawe.

Hapa ndipo ilipoonekana faida ya kukodi chombo kizima. Nahodha na baharia walikaa upande wa omo na wavulana. Wanawake walishukia tezini, kwa ngazi, wakiwa na jaketi, miwani ya maji na mrija wa kupumulia. Baba wa familia ndiye aliyeshuka nao, kwani wote aliokuwa nao, mkewe, dadake na binti yake, ama ni ahali yake ama ni maharimu zake. Hapakuwa na mgeni wala na aibu. Msichana alishikilia ngazi kwa dakika kadhaa. Kisha akatia uso majini, akaunyanyua, akamtazama shangazi yake, akautia tena. Hakuunyanyua kwa muda mrefu.

Walipewa masharti matatu tu: msiguse, msikanyage, msichukue. Kumgusa mnyama wa tumbawe ni kumjeruhi, na kumkanyaga ni kumvunja. Kuchukua kombe, dondo au kiti cha pweza kutoka hifadhini ni kosa kisheria, hata kikiwa kimekufa, kwa maana ganda tupu ni nyumba ya kiumbe mwingine.

"Angependa aulizwe"

Chombo chetu kilikuwa na kioo sakafuni. Wenzake walipokuwa majini, bibi alisogea pale na kuinama, mjukuu wake mdogo akiwa ubavuni. Mtoto alikuwa ameshika kadi yenye picha za samaki na majina yao kwa Kiingereza. Bibi hakuitazama kadi.

"Tewa," akasema. Kimya kidogo. "Yule ni kangaja. Wale changu. Pono huyo. Tafi. Tazama mkunga anavyochungulia pangoni."

Aliwataja mmoja mmoja bila kusita. Wote aliwajua kutoka demani na jikoni, akiwaparua na kuwaunga nazi kwa zaidi ya miaka 60. Hakuwahi kuwaona wakiogelea. Alipomwona tewa mwingine, mkubwa kuliko wa kwanza, alisema kwamba wa kimo kile hakumwona tangu babake alipokuwa hai.

Kisha alitueleza jambo ambalo familia yake ilikuwa imelisikia mara nyingi, lakini si mahali hapa. Kisite ilipofungwa, nyumbani kwao palilalwa njaa siku kadhaa. Babake alihamishia madema yake mahali pengine, kwenye samaki wachache na wavuvi wengi. Maneno aliyokuwa akiyarudia hadi kufa kwake ni kwamba wamefungiwa bahari yao.

"Sisemi walikosea," bibi akasema, macho yakiwa kiooni. "Hawa samaki si ndio hawa? Lakini babangu angependa aulizwe. Asingekataa. Angependa aulizwe tu."

Nahodha alikuwa akisikiliza. "Bibi, na babu yangu alisema vivyo hivyo," akamjibu. "Nami nikajiuliza: pasingefungwa, leo ningekuleta uone nini?"

Wote wawili wana haki, na hatuoni sababu ya kumnyamazisha mmoja ili mwingine asikike. Mahali pasipovuliwa, samaki hukua na kuzaa, na samaki hajui mpaka. Wakubwa hutoka nje ya hifadhi, na mayai husafiri na mkondo hadi mbali. Ndiyo maana wavuvi hupenda kutega ukingoni mwa hifadhi. Aidha, samaki kama kikande hula wale viumbe wa miiba mirefu myeusi tunaowaogopa ufuoni. Kikande wakivuliwa wote, wenye miiba huongezeka na kuukwangua mwamba hadi ukafa. Hiyo ndiyo hoja ya kufunga.

Hoja ya kuuliza nayo haina uzito mdogo. Uislamu umetufundisha shura, na umetufundisha kwamba amana hukabidhiwa mtu anayejua amekabidhiwa nini. Mvuvi aliyefukuzwa bila ya kuelezwa huiona hifadhi kuwa ukuta. Aliyeshirikishwa huiona kuwa akiba ya wanawe. Siku hizi vikundi vya usimamizi wa ufuo vina sauti katika mambo ya uvuvi, na katika eneo la Shimoni na Wasini wenyeji wameshiriki kupandikiza matumbawe mahali yalipokufa. Ni hatua njema. Lakini wazee waliotega Kisite wanapungua kila mwaka, na wengi wao, kama babake bibi huyu, waliondoka bila ya kuulizwa.

Adhuhuri Wasini

Maji yalipoanza kujaa, tulifungua chombo na kurudi Wasini. Kisiwa hiki ni chembamba, chenye urefu wa kilomita 5 hivi, na hakina gari. Vijiji vyake vikubwa ni Wasini na Mkwiro. Watu wa Wasini ni Wavumba, wazawa wa dola ya Vumba ambayo mtawala wake aliitwa Diwani, na lahaja yao ya Kivumba ingali hai vinywani mwao. Kisima cha maji matamu ni adimu. Tangu zamani wamekusanya maji ya mvua. Mgeni na awe mwangalifu anaponawa.

Wanaume waliswali msikitini, na wanawake walikaribishwa katika nyumba ya jamaa aliyegunduliwa asubuhi gatini. Chakula kilikuwa wali wa nazi, samaki wa kupaka na kaa. Baadaye tulizuru bustani ya matumbawe ya kale, mwamba ulioinuka nchi kavu zama za mbali na sasa umezungukwa na mikoko. Juu yake pamejengwa njia ya mbao, nayo inaendeshwa na kikundi cha kina mama wa kisiwa, ambao mapato yake huyatumia kwa mahitaji ya jamii yao. Kwa msichana wetu, hao walikuwa somo jingine: wanawake wenye hijabu, wenyeji wa bahari, wakiieleza bahari kwa wageni na wakila jasho lao. Ng'ambo, katika Kibuyuni, kina mama wengine hulima mwani.

Katika Sura An-Nahl, aya ya 14, Mwenyezi Mungu (s.w.) anataja kwamba ameitiisha bahari ili tule nyama laini kutokana nayo, tutoe mapambo, na tuzione merikebu zikiipasua, na mwisho wa aya hiyo ni shukurani. Kushukuru kunahitaji kujua. Ni vigumu kwa mtu kuishukuru neema ambayo hajawahi kuiona ila katika sufuria.

Kwa familia inayokusudia kwenda

Ndugu msomaji, safari hii haihitaji utajiri, bali mpango. Familia mbili au tatu za maharimu na majirani wakichanga, gharama ya chombo hugawanyika. Chagueni miezi ya kaskazi, na mumuulize nahodha kuhusu maji kabla ya kutaja tarehe. Ondokeni alfajiri, kwani upepo huongezeka baada ya adhuhuri. Bebeni vitambulisho, maji ya kutosha, nguo za kubadilisha, kofia, na tangawizi au ndimu kwa mwenye kichefuchefu. Mtoto asiachwe majini bila ya mtu mzima aliye karibu kiasi cha kumshika mkono. Mtu mzee asiachwe nyumbani kwa hoja kwamba hawezi kuogelea. Pengine yeye ndiye atakayewatajia majina.

Tunaziomba pia kamati za misikiti na walimu wa madrasa walifikirie jambo hili. Safari moja kwa mwaka, wasichana kwa siku yao na wavulana kwa siku yao, ingewafunza watoto kile ambacho ubao haufunzi. Nao wasimamizi wa hifadhi tunawaomba wawaite wazee wa Shimoni, Wasini, Mkwiro na Vanga waliovua maji yale, wawapandishe chombo bila ya malipo, wawaonyeshe kilichohifadhiwa, na waandike majina ya miamba na mafungu kama wanavyoyajua wao. Kuuliza hakujachelewa maadamu wenye kuulizwa wangali hai.

Tuliporudi Mombasa, msichana alianza kuandika katika daftari orodha ya samaki kwa Kiswahili, kama bibi alivyowataja, na mbele ya kila jina maelezo ya rangi na umbo. Alifikia 22. Yaliyobaki, alisema, atamuuliza bibi.